Medali ya Togo, mjukuu wa Kariakoo na suala la uraia pacha

Ujumbe uliingia kwenye simu ya studio saa tatu kasoro asubuhi, katikati ya mjadala wetu wa michezo. Aliyeuandika ni mama anayeuza vitenge Kariakoo, Mtaa wa Mchikichini, msikilizaji wetu wa siku nyingi. Aliandika hivi: "Wanangu hamjambo. Nina mjukuu Uingereza, Nottingham, ana miaka 16. Anashindana mchezo wa mtumbwi kwenye maji yanayokwenda kasi. Baba yake anasema huko foleni ya timu ya taifa ni ndefu. Sasa nauliza, hawezi kuja kutuchezea sisi?"

Hewani tulimjibu kwa furaha: anaweza mama, damu ni damu. Tukapiga wimbo, tukarudi kwa Simba na Yanga. Kipindi kilipokwisha tukafungua sheria, na tukaona kwamba jibu letu lilikuwa jepesi mno. Makala haya ni ya kulinyoosha. Lakini hatuwezi kulinyoosha bila kumtaja mtu ambaye alishafanya jambo hilohilo analoliwaza baba wa kijana huyo, na akafika mbali: Benjamin Boukpeti wa Togo.

Mkokoteni kwenye Mtaa wa Kongo

Kwanza mchezo wenyewe, maana wengi walituuliza ni mbio gani hizo. Slalomu ya mitumbwi haifanani na mashindano ya ngalawa tuliyoyazoea pwani. Hakuna tanga, na hakuna kundi la vyombo vinavyofukuzana. Mshindani anashuka peke yake kwenye mkondo unaotibuka, amevaa kofia ngumu na jaketi la kuokolea maisha, na anashindana na saa. Juu ya maji zimening'inizwa fimbo mbilimbili, na kila jozi ni mlango. Milango huwa kati ya 18 na 25. Yenye rangi ya kijani na nyeupe unaipita ukishuka na maji. Yenye nyekundu na nyeupe inakulazimu ugeuze chombo na kuipita ukipanda dhidi ya mkondo. Ukigusa fimbo, sekunde 2 zinaongezwa kwenye muda wako. Ukiruka mlango ni sekunde 50, na hapo siku yako imekwisha.

Anayetaka picha ya karibu asimame Mtaa wa Kongo siku mbili kabla ya Idi, amwangalie kijana wa mkokoteni mwenye marobota sita anavyopenya kati ya wanunuzi, meza za machinga na bajaji. Anasoma nafasi kabla haijafunguka, anageuza kwa bega, anasimama ghafla, anaondoka tena. Tofauti ni kwamba yeye anaweza kupiga kelele watu wakampisha. Fimbo za slalomu hazimpishi mtu.

Wapo wanaokaa kwenye kayaki na kutumia kasia la pande mbili, na wapo wanaopiga magoti kwenye mtumbwi na kutumia kasia la upande mmoja. Mchezo huu uliingia Olimpiki Munich 1972, ukatoweka miaka 20, ukarudi Barcelona 1992 na haujatoka tena. Siku hizi mashindano makubwa hufanyika kwenye mikondo ya kujengwa kwa zege. Nottingham wanao mmoja. Dar es Salaam hatuna.

Kasia lililovunjwa Beijing

Boukpeti alizaliwa Ufaransa mwaka 1981, baba Mtogo na mama Mfaransa. Alikulia huko, akajifunza kasia huko, na baadaye akaishi na kufanya mazoezi Toulouse. Ufaransa ni taifa kubwa katika mchezo huu. Athens 2004, Wafaransa wawili, Benoît Peschier na Fabien Lefèvre, walipanda jukwaani katika shindano lilelile la kayaki, mmoja na dhahabu, mwingine na shaba. Tony Estanguet, ambaye miaka mingi baadaye aliongoza kamati ya maandalizi ya Paris 2024, tayari alikuwa na dhahabu mbili kwenye mtumbwi. Halafu kufikia Beijing 2008 kila nchi iliruhusiwa chombo kimoja tu kwa kila shindano. Maana yake, Mfaransa wa pili kwa ubora, ambaye pengine angewashinda wengi waliosafiri, alibaki nyumbani akiangalia televisheni.

Hiyo ndiyo foleni anayoizungumzia baba wa kijana wetu wa Nottingham, kwa sababu Uingereza nayo ni nchi kubwa ya slalomu.

Boukpeti alivaa jezi ya nchi ya baba yake. Aliiwakilisha Togo Athens, akafika nusu fainali. Tarehe 12 Agosti 2008 akaingia fainali ya Beijing. Alexander Grimm wa Ujerumani alipata dhahabu, Lefèvre wa Ufaransa fedha, na wa tatu akawa Boukpeti. Pengo kati yake na Lefèvre lilikuwa chini ya sekunde moja, yaani dogo kuliko adhabu ya kugusa fimbo moja. Alipojua kwamba medali ni yake, alilivunja kasia lake vipande viwili palepale kwenye maji.

Togo ilianza kwenda Olimpiki mwaka 1972. Hiyo ilikuwa medali yake ya kwanza, na hadi Paris 2024 inafungwa haijapata nyingine. London 2012 Boukpeti ndiye aliyebeba bendera ya nchi hiyo siku ya ufunguzi, na akafika fainali kwa mara nyingine.

Hapa ndipo hadithi hii inapohitaji uangalifu, kwa sababu hupenda kusimuliwa nusu. Siku zile iliripotiwa kwamba Boukpeti alikuwa amewahi kufika Togo mara moja tu, akiwa mtoto. Maji aliyojifunzia na maisha yake yote ya mchezo yalikuwa Ufaransa. Kwa hiyo, Togo ilishinda nini? Sisi tunaona ilishinda, lakini kitu kidogo kuliko inavyosemwa. Ilipata bendera kwenye mlingoti, jina kwenye orodha ambayo nchi nyingi za Afrika bado hazimo, na furaha ya kweli Lomé. Haikupata mchezo. Medali ya namna hii inaingia nchini bila kupitia shuleni wala mtoni, na mwenye nayo akistaafu anaondoka nayo.

Boukpeti si peke yake. Jonathan Akinyemi, aliyekulia Uingereza, aliiwakilisha Nigeria London 2012 katika mchezo huohuo. Jean-Pierre Bourhis aliiwakilisha Senegal Rio 2016. Njia inayowapitisha inaeleweka: Afrika hutengewa nafasi zake kama bara, na nafasi hizo zina washindani wachache kuliko foleni ya Paris au ya London. Hakuna udanganyifu hapo. Kanuni ya 41 ya Mkataba wa Olimpiki inasema mwenye uraia wa nchi mbili anaweza kuchagua atakayoiwakilisha. Akishaiwakilisha moja, hata kwenye mashindano ya dunia au ya bara, akitaka kuhama kwa kawaida anasubiri miaka 3.

Neno zito katika kanuni hiyo ni "uraia". Na hapo ndipo sisi Watanzania tunapokwama.

Sheria inasema nini

Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha. Mtanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Mtoto aliyezaliwa nje anapata uraia wa kurithi ikiwa baba au mama yake ni raia wa Tanzania ambaye naye hakuupata kwa kurithi tu. Mtoto huyo anaweza kuwa na pasi mbili bila kosa lolote. Lakini akifikisha miaka 18 sheria inamtaka aukane ule uraia mwingine. Asipoukana, wa Tanzania unakoma.

Sasa rudi kwa mjukuu wa Nottingham. Swali la kwanza halihusu kasia kabisa: siku alipozaliwa, baba yake alikuwa bado raia wa Tanzania, au alikuwa ameshaapa kwa Uingereza? Kama alikuwa ameshaapa, na mama wa mtoto si Mtanzania, hakuna cha kurithi. Kama alikuwa bado raia, kijana ni Mtanzania leo, na amebakiwa na miaka 2. Baada ya hapo, kuivaa jezi yetu maana yake ni kurudisha pasi ya nchi anakoishi, anakosoma na anakofanyia mazoezi. Boukpeti hakuwekwa kwenye mtego huo. Olimpiki ya Los Angeles ni Julai 2028. Slalomu yenyewe itafanyika Oklahoma City, kwenye mkondo ambao tayari upo. Ukipiga hesabu ya umri, kijana atakuwa ameshavuka 18 tu, na mlango wake utakuwa umefungwa muda si mrefu kabla mashindano hayajafunguliwa.

Majirani walishaamua. Kenya iliruhusu uraia pacha kwa Katiba ya 2010. Uganda ilibadili katiba yake mwaka 2005, ikatunga sheria ya utekelezaji 2009. Rwanda na Burundi wanaruhusu. Sisi tulichagua njia ya kati: mapema 2025 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kutoa hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania walio na uraia wa nchi nyingine. Inawarahisishia kuingia na kukaa nchini, na kumiliki ardhi kwa masharti. Ni hatua, na hatuibezi. Ila hadhi si uraia. Haimpi mtu kura, na haiwezi kumpeleka Olimpiki, kwa sababu mezani kwa waandaaji panahitajika pasi ya nchi, na kadi ya hadhi maalumu haisomeki pale.

Kinachotusumbua zaidi ni kwamba mwezi huohuo wa Januari 2025, wakati mjadala wa hadhi maalumu ukiwa wa moto, Idara ya Uhamiaji ilithibitisha kwamba wachezaji watatu wa Singida Black Stars, wa kutoka Ghana, Ivory Coast na Guinea, wamepewa uraia wa tajnisi. Simu zetu studio hazikupumzika siku ile. Hatuna neno na vijana wale. Waliomba, wakapewa. Lakini mtu wa kawaida pale Msimbazi anajiuliza, na sisi tunajiuliza pamoja naye: inakuwaje mgeni mwenye kipaji apate mlango, na mjukuu wa muuza vitenge wa Mchikichini, ambaye bibi yake hajawahi kuvuka mpaka, aambiwe akichagua vibaya siku ya kuzaliwa kwake ya 18 basi?

Hofu ya Kariakoo

Tulipoupeleka mjadala huu sokoni, hatukupata makofi tuliyoyatarajia. Wafanyabiashara kadhaa walitukatiza. Mmoja, muuza vifaa vya simu Mtaa wa Aggrey, alisema: "Nyie mnazungumza medali. Mimi nazungumza fremu. Mkifungua uraia pacha, kesho jirani yangu wa duka ni nani?"

Hofu hiyo ina historia. Baada ya uhuru wa 1961, familia nyingi za maduka ya Uhindini na Kisutu zilijikuta zikichagua pasi kwenye meza ya chakula: kaka huyu achukue ya Tanganyika ili duka libaki, yule achukue ya Uingereza kama akiba. Jirani Mwafrika aliyeyaona hayo akayakumbuka, na neno "pacha" likabaki na harufu ya mguu mmoja ndani, mmoja nje. Na ina sababu ya sasa. Julai 2025 serikali ilitoa amri inayowazuia wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo rejareja, uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu na saluni. Asiye raia akikamatwa, faini haipungui shilingi milioni 10. Mtanzania anayemfichia jina lake naye ana adhabu yake. Kariakoo iliipokea amri ile kwa shangwe, maana malalamiko juu ya wageni wanaouza rejareja yalikuwa yamechukua muda mrefu.

Tunaiheshimu hofu hiyo, lakini tunadhani imegonga mlango usio wake. Uraia pacha wa kurithi haumpi kitu mtu asiye na mzazi Mtanzania. Mwenye duka aliyetoka mbali bila ukoo hapa angebaki na njia ileile ya tajnisi na masharti yake. Na amri ile ina upande ambao sokoni hausemwi sana: mtoto wa Gerezani aliyekwenda Leicester miaka 20 iliyopita, akachukua pasi ya huko ili apate kazi nzuri, akirudi leo kuuza rejareja kwenye fremu ya marehemu baba yake, kwa sheria ya uraia yeye si raia. Yule fundi simu wa Aggrey alinyamaza kidogo tulipomwambia hivyo. Kisha akasema kwamba ana dada Kanada.

Ama hoja ya utiifu, kwamba mwenye pasi mbili moyo wake umegawanyika, michezo yenyewe inaijibu kwa namna ya ajabu. Septemba 2025, Tokyo, Alphonce Simbu wa Singida alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni, dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo. Yeye na aliyemfuata walipewa muda uleule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Aliyemfuata ni Amanal Petros wa Ujerumani, aliyezaliwa Pembe ya Afrika na kufika Ujerumani kama mkimbizi. Aliyeona mita zile za mwisho hawezi kusema Petros alikimbia na nusu ya moyo.

Maji tunayo

Simbu anatukumbusha pia upande wa pili, ambao wanaopigia debe uraia pacha huurukia. Yeye hakuletwa na pasi. Ni matunda ya barabara za hapa na makocha wa hapa, kama walivyokuwa Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walioleta fedha mbili kutoka Moscow mwaka 1980, ambazo hadi Paris 2024 ndizo medali zetu pekee za Olimpiki. Kama tunamtaka mjukuu wa Nottingham kwa sababu tu hatutaki kujenga chochote, tutapata kilichopatikana Togo: siku moja nzuri.

Maana maji ya mchezo huu hayakosekani upande wetu wa dunia. Jinja, Uganda, pale Naili inapotoka Ziwa Victoria, palikuwa na maporomoko yaliyowaleta waendesha kayaki kutoka pande zote, na vijana wa vijiji vya kando wakajifunza kwa kuwatazama, kisha kwa kupanda wenyewe. Bwawa la Bujagali, megawati 250, lilizinduliwa 2012 na maporomoko yale yakazama. Isimba likafuata 2019, na sehemu nyingine ya mkondo ikatulia. Sisi wenyewe tumeifunga Rufiji kwa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115. Hatulalamiki. Anayekumbuka jenereta zinavyonguruma Kariakoo umeme ukikatika hawezi kuomba mto uachwe kwa ajili ya mchezo wa watu wachache. Lakini Uganda imeonyesha kwamba kijana wa kawaida akipewa chombo na mtu wa kumwonyesha, anaweza. Hakuhitaji kuzaliwa Toulouse.

Kwa hiyo msimamo wetu ndio huu, na msikilizaji ana haki ya kuupinga hewani kama kawaida: mtoto wa Mtanzania aliyezaliwa na pasi mbili asilazimishwe kutupa moja siku anapofikisha miaka 18. Sehemu hiyo ya sheria inaweza kubadilishwa peke yake, bila kugusa masharti ya tajnisi wala amri ya biashara. Na Baraza la Michezo la Taifa lisiuchukulie mlango huo kama njia ya mkato ya medali.

Kwa mama wa Mchikichini, tulimpigia tukaomba radhi kwa jibu letu la haraka. Tulimweleza mambo mawili ya kufanya sasa, si mwaka kesho. Atafute cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, na tarehe hasa aliyochukua uraia wa Uingereza, kama aliuchukua. Na kijana, kabla hajakubali kuvaa jezi ya Uingereza kwenye mashindano ya dunia ya vijana, aelewe kwamba saini hiyo inaweza kumfunga miaka 3.

Alisikiliza, huku nyuma yake mtu akitangaza bei ya doti. Akasema cheti kipo, kimo kwenye sanduku la mabati, na tarehe atamwuliza mwanawe usiku akipiga. Kisha akauliza kama hiyo kofia ngumu mtoto huwa anaivaa kweli, au wanavaa kwenye picha tu.

Tukamwambia anaivaa, mama. Bila kofia hawamruhusu kuingia majini.